Upande wa Magdaline

Jumamosi hiyo mvua ya masika ilikuwa imepumzika, na mlima ulionekana wote hadi kwenye barafu. Kingori alikunywa chai yake akiwa amesimama mlangoni, akakiosha kikombe mwenyewe, kisha akachukua kamba, vigingi na panga, akaenda kupanda maua kwenye kaburi la mkewe.

Ulikuwa mwaka wa 1971. Shamba lake lilikuwa nje kidogo ya Naro Moru, limepakana na la mjomba wangu Theuri, na ndiyo maana haya nayajua: mengine mjomba aliyaona kwa macho yake, mengine tulielezwa na Wakonyo, mama mkwe wa Kingori, ambaye hakuwa mtu wa kutia chumvi. Kingori alikuwa amesoma Makerere, kisha akaajiriwa katika ofisi ya ardhi mjini Nyeri. Kazi yake ilikuwa kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Watu walimwita Bwana Mipaka, naye hakuchukia. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu Magdaline afariki mwezi wa kwanza kwa ugonjwa wa damu, hata hayo machache yalikuwa yamepungua.

Mmea aliokusudia kuupanda ulikuwa wa Magdaline. Alipewa shina lake na Subira, mwanamke wa Majengo mjini Nyeri, aliyepanda maua kwenye makopo uani kwake. Ulikuwa mmea wa majani tu: marefu, yenye ncha, ya rangi ya zambarau juu na chini, na ukiyatazama kwa karibu unaona vinyweleo. Kiua chake kilikuwa kidogo, cha waridi, kinafunguka asubuhi na kujifunga kabla ya adhuhuri. Magdaline hakukijali kiua. Alipenda majani. Alikuwa akisema kwamba huku kwetu kila kitu ni kijani, kutoka viazi hadi msitu, na jicho nalo lataka mahali pa kupumzika. Kuupanda hakukuhitaji ufundi. Unavunja shina, unalichomeka udongoni, unaondoka. Halihitaji mbegu, halihitaji hata mizizi.

Udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kutitia, na mbuzi walikuwa wakipita juu yake. Kingori alitaka kuuzungushia kitu. Na kwa kuwa mikono hufanya iliyozoea kufanya, aliifanya kazi hiyo kama alivyoifanya ofisini. Alipiga vigingi pembeni, akavuta kamba, akampa binti yake Murugi mwisho wa pili aushike. Murugi alikuwa na miaka sita. Aliushika kwa mikono miwili, uso umekaza, kwa sababu alijua kazi ya baba yake ilikuwa kazi ya maana.

Katika sehemu zile mpaka hufungwa na watu wawili. Kila mmoja hushika mwisho wake wa kamba akiwa amesimama kwenye ardhi yake. Kati yao huchomekwa itoka, yungiyungi la mpakani, ambalo haliuawi na jua wala jembe. Kisha kila mmoja husema kwa sauti, watu wakisikia: "Yangu inaishia hapa." Wote wawili ni lazima waseme. Akisema mmoja tu, mpaka haujafungwa, na ardhi ya yule aliyenyamaza haina mwisho. Kingori alikuwa amewasimamia watu wengi wakisema maneno hayo, kutoka Mathira hadi Kieni. Alikuwa ameona ndugu wakilia kwa kuyasema.

Theuri alipita na ng'ombe wake, akaegemea nguzo ya seng'enge.

"Wee Bwana Mipaka! Ati hata maua unayapimia kamba? Unaogopa marehemu atakushtaki?"

"Mstari ukipinda, Magdaline hatanyamaza," Kingori alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akacheka.

"Basi semeni yale maneno kabisa, tusije tukaitwa mashahidi."

Kingori alichomeka shina la mwisho, kicheko bado kikiwa usoni, akasema, "Yangu inaishia hapa."

Murugi alikuwa upande wa pili wa kamba. "Na ya mama, baba? Inaishia wapi?"

Kicheko kilimwondoka. Alitazama ule udongo uliotitia. Angeweza kujibu. Yalikuwa maneno aliyoyasikia kila juma, na hayakumhitaji mtu awe msomi. Lakini kumwambia Magdaline kwamba mahali pake ni hapo, na kwamba zaidi ya hapo hana kitu, ulimi ulikataa.

Alianza kukunja kamba. "Twende tukanawe mikono," alisema.

Upande wa Magdaline hakusema mtu.

Mashina yalishika yote. Baridi ya mwezi wa sita iliposhuka kutoka mlimani, ukungu ukawa unalala mashambani hadi jua liwe juu, na viazi vya watu vikaungua. Ile zambarau haikuungua. Ilizidi kuiva. Kingori alikwenda pale kila jioni baada ya kazi, akakaa kwenye kigoda. Hakuomba wala hakulia. Alikaa tu, akamsimulia Magdaline ya ofisini kama alivyokuwa akimsimulia jikoni.

Jioni moja aliona kwamba kigoda chake kilikuwa ndani ya mstari.

Alidhani mmea umeenea, maana ndiyo tabia yake. Lakini mmea unaoenea huacha shina mama nyuma. Huu haukuacha kitu. Pale alipouchomeka palikuwa na udongo mtupu, laini, kama usiowahi kuguswa, na vigingi vyake vilikuwa bado vimesimama. Mmea wenyewe ulikuwa hatua kadhaa mbele, pande zote, kwenye mstari ulionyooka. Alileta chombo cha kupimia. Pembe zote zilikuwa mraba.

Hakumwambia mtu. Ni lazima isemwe kweli: kulikuwa na sehemu yake iliyofurahi.

Wakonyo alikuwa amekuja kutoka Karatina kumlea mjukuu wake. Ni yeye aliyemgundua kuku. Kuku huyo mwekundu alikuwa akiatamia chini ya mti wa parachichi, na sasa mti huo ulikuwa ndani ya mstari. Siku zilipita, hali wala hanywi. Wakonyo alitia mkono chini yake achukue mayai, akautoa upesi.

"Baba Murugi," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo umguse."

Kingori alimgusa. Kuku alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Alipepesa jicho, akageuza shingo, akamtazama.

"Anaumwa," Kingori alisema.

"Mtoe hapo."

Alimbeba. Alipotembea naye kuelekea boma, kuku alitulia mikononi, kichwa juu. Alipouvuka mstari, uzito ulibadilika. Manyoya yalimbaki vidoleni. Harufu ikampiga. Alikuwa ameshika kitu kilichooza zamani.

Wakonyo alirudi nyumbani. Kingori alizika mabaki, akanawa, akanawa tena.

Baada ya hapo alianza kuhesabu kilichobaki kati ya mstari na nyumba. Kwanza ulichukua mti wa parachichi wote na kivuli chake. Halafu banda la kuku. Halafu jiko, ambalo lilikuwa kibanda cha mbao kilichojitenga na nyumba. Wakonyo aliwasha moto humo asubuhi kama kawaida. Kuni ziliwaka vizuri, mwali ukapanda. Sufuria ikakaa juu ya moto, ikakaa, na jua likatoka. Alitia kidole ndani. Maji yalikuwa baridi vilevile.

Na vikombe vilikuwa vimepangwa. Wakonyo alikuwa ameviacha kwenye karai. Sasa vilikuwa rafuni, vimefunikwa, vishikio vyote vikitazama ukutani.

"Huo mkono naujua," alimnong'oneza Kingori. "Mimi ndiye niliyemfundisha." Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafuta. "Nilimlilia arudi, Baba Murugi. Sasa naogopa kuingia jikoni."

Mbele ya jiko kulikuwa na ua mdogo uliofagiliwa. Na ng'ambo ya ua huo kulikuwa na dirisha la chumba cha Murugi.

Ndipo Kingori alipoushika mmea kwa mikono. Aling'oa mstari wote. Alikatakata mashina kwa panga, akayarundika, akayamwagia mafuta ya taa, akawasha. Mashina yalijaa maji. Yalichemka, yakatoa povu, hayakuungua. Alichimba shimo akayafukia, mengine akayatupa barabarani yakanyagwe na magari. Mikono yake ilibaki na madoa ya zambarau hadi kwenye viwiko. Usiku ikanyesha.

Asubuhi kila kipande kilikuwa kimechipua. Barabarani, shimoni, kwenye jivu. Na mstari ulikuwa umerudi, mnene kuliko mwanzo, chini kabisa ya dirisha.

Alikwenda Nyeri kwa Subira. Hakujua mahali pengine pa kwenda. Subira alimkaribisha uani, mahali makopo yalipopangwa kando ya ukuta, na ile zambarau ikiwa imejaa, inaning'inia hadi chini. Paka alikuwa amelala juu yake. Subira aliyatazama madoa ya zambarau mikononi mwa Kingori.

"Pole sana, Bwana Kingori. Magdaline alikuwa kama mdogo wangu. Ee, kumbe umelipanda ua lake?"

"Linahama," Kingori alisema.

"Linaenea, unataka kusema."

"Linahama, Mama Subira."

Subira alicheka, kisha akauona uso wake, akaacha. "Baba, mimi nimekaa nalo tangu nije kuolewa hapa. Watoto wamelikanyaga, mbuzi wamelitafuna. Ukilivunja linaota, hiyo ni kweli, halina adabu. Lakini kuhama? Ua ni ua. Linakaa pale ulipoliambia likae."

Kingori alirudi Naro Moru na sentensi hiyo ya mwisho kichwani. Alifika kwenye daraja la mto, akasimama. Alijiona tena ile Jumamosi, kamba mkononi, akicheka na Theuri. Aliisikia sauti yake. *Yangu inaishia hapa.* Akausikia ukimya uliofuata.

Alikuwa amefuata desturi nzima, hatua kwa hatua, kisha akaiacha nusu. Alimpa mfu ardhi isiyo na mwisho.

Nyumbani alimkuta Murugi amekaa kitandani, ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyeshikishwa kitu cha mwenzake.

"Mkono umelala, baba," alisema. "Hautaki kuamka."

Kitanda chake kiliegemea ukuta wa dirisha. Sakafu ya saruji ilikuwa imepasuka ufa mwembamba ulionyooka, na ndani ya ufa huo majani yalikuwa yametokeza ncha. Ufa ulipita chini ya kitanda. Kingori aliinama akaufuata kwa jicho. Kila kilichokuwa upande wa ukuta kilikuwa sasa upande wa Magdaline: nusu ya mto, nusu ya blanketi, na mahali mtoto alipolaza mkono wake.

Aliugusa. Ulikuwa baridi kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Kiwikoni joto lilianza ghafla.

Daktari aliyemwona Nyeri alikuwa kijana mwenye heshima. Alimpima kifua, akamtazama macho, akasema mtoto ana afya. Halafu alishika kifundo cha mkono wa kushoto kutafuta mapigo. Alitafuta. Alibadilisha kidole. Aliendelea kutafuta hadi Wakonyo akatazama pembeni.

Walimhamisha Murugi kwa Theuri. Alilazwa pamoja na watoto wa mjomba, mbali na ukuta. Kesho yake mstari ulipoteza umbo lake la mraba. Upande mmoja ulikuwa umetoa ulimi, na ulimi huo ulikuwa umepita chini ya seng'enge, ukavuka mtaro, ukaelekea mlango wa Theuri.

Mjomba alikuja mwenyewe kabla ya kifungua kinywa. Alikuwa amevua kofia. Hakutania.

"Bwana Kingori. Mtoto huyo nampenda, wewe wajua. Lakini nina wangu watano mle ndani."

"Najua."

"Nisamehe."

"Hakuna cha kusamehe. Nitamchukua sasa hivi."

Hakukuwa na mahali pa kukimbilia. Akimpeleka Karatina, mstari ungepita kwenye mashamba ya watu wote hadi Karatina. Alimbeba Murugi mgongoni akarudi naye nyumbani. Ukungu ulikuwa umetanda. Mkono wa kushoto wa mtoto ulining'inia juu ya kifua chake, na baridi yake ilipenya koti.

"Baba," Murugi alinong'ona karibu na sikio lake, "mama si mbaya."

"Umemwona?"

"Hasemi kitu. Anatembea tu, anatembea, halafu anasimama. Anangoja."

"Anangoja nini?"

"Aambiwe."

Alisimama katikati ya njia, mtoto mgongoni, akipumua.

Jioni hiyo alimweleza Wakonyo. Mpaka ungefungwa upya, kwenye vigingi vya zamani, karibu na kaburi. Wakonyo angesimama upande wa walio hai, na Murugi mgongoni. Na upande wa pili mtu angesimama penye kaburi aseme kwa niaba ya marehemu.

"Nitasimama mimi," Wakonyo alisema. "Nilimzaa."

"Hapana, Mama. Alikuja hapa kwa jina langu. Ardhi hii ni yangu, na ya kwake ilitoka kwangu. Nisiposema mimi, haitahesabika."

Moto ulikuwa katikati yao. Walikuwa wameuwasha sebuleni kwenye jiko la makaa, kwa sababu jiko la nje lilikuwa limekwisha kuchukuliwa.

"Mimi si msomi, Baba Murugi, lakini nimeona mipaka ikifungwa kabla hujazaliwa. Anayesema kwa niaba ya marehemu ndiye mwenye ardhi hiyo tangu siku hiyo."

"Ndivyo desturi ilivyo."

"Na ukishasema?"

Kingori alichochea makaa. Wakonyo alishika kinywa.

"Anamtaka mtoto kwa sababu hana mtu wa kumwambia aishie wapi," Kingori alisema polepole. "Nilitakiwa kumwambia mwezi wa nne. Nilishindwa. Sasa mkono wa mtoto hauna mapigo, Mama. Niambie njia nyingine, nami nitaifuata."

Wakonyo alinyanyuka, akaenda kuileta kamba.

Walifanya kazi hiyo kesho yake alasiri. Ukungu ulikuwa mwingi kiasi kwamba nyumba haikuonekana kutoka kaburini. Kingori alikuwa ametoka tangu asubuhi, aking'oa mashina moja moja kutoka kwenye mstari, kutoka chini ya dirisha, kutoka kwenye ufa wa sakafu, kutoka kwenye ulimi ulioelekea kwa Theuri. Hakuyakata. Aliyabeba kwa mikono miwili, mizizi yake ikining'inia, akayapanda tena kwenye vigingi. Yalikubali kubebwa. Theuri alisimama kwenye seng'enge, kofia mkononi, akitazama.

Mraba ulipobakiza pengo moja, Kingori alimwendea Murugi aliyekuwa mgongoni mwa nyanya yake. Alimfunga kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Alimshika ule mkono wa baridi, akaushikilia.

"Utakuwa mtiifu kwa cucu?"

"Ndiyo. Unaenda kazini?"

"Ndiyo."

Aliingia kwa lile pengo, akasimama penye kaburi. Alichomeka shina la mwisho. Kamba ilipita juu yake, kutoka mkono wa Wakonyo hadi mkono wa Kingori.

"Yetu inaishia hapa," Wakonyo alisema. Theuri aliisikia.

Ikabaki zamu yake.

Kingori alifungua kinywa. Wakonyo alimwona akijaribu, midomo ikitengeneza neno na kuliacha. Ukungu ulisonga. Kamba kati yao ilikuwa imelegea, inagusa majani.

Kisha ikakaza.

Haikuvutwa na Kingori. Mikono yake ilikuwa palepale. Ilivutwa kutoka nyuma yake, kidogo tu, kama mtu anapomshikia mwenzake mzigo. Kingori hakugeuka. Macho yake yalijaa. Alivuta pumzi.

"Yangu inaishia hapa."

Hadi anakufa Wakonyo alishikilia kwamba sauti zilikuwa mbili.

Wakati huohuo Murugi alipiga kelele. "Unauma! Cucu, mkono unauma!" Wakonyo alimteremsha, akaushika. Ulikuwa moto. Damu ilikuwa ikirudi ndani yake, na mtoto alikuwa akilia kwa uchungu, na Wakonyo alikuwa akilia kwa furaha, akiubusu, akiuminya.

"Una joto! Baba Murugi, mkono una joto! Toka sasa, toka upesi!"

Kingori alikuwa akitabasamu. Aliinua mguu avuke. Ukafika juu ya majani, ukasimama hewani. Alitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza, kama anayeisoma. Akaurudisha mguu chini, upande uleule.

"Baba Murugi!"

"Hapana, Mama," alisema kwa upole. "Ulimwona kuku."

Halafu aligeuza kichwa, kama mtu anayeitwa na mwenziwe kutoka chumba cha pili. Alisema, "Nakuja," lakini si kwa Wakonyo. Ukungu ukafunga.

Theuri aliruka seng'enge. Alizunguka ule mraba huku akiita. Ukungu ulipoinuka kabla ya jua kuzama, ndani ya mstari palikuwa na kaburi tu. Ni nafasi ambayo hata mtoto asingeweza kujificha. Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaenda. Watu walitafuta mtoni na msituni. Ule mraba haukusogea tena hata upana wa kidole. Uko pale hadi leo.

Wakonyo alimpeleka Murugi Karatina. Alimtia shule. Mtoto alikua vizuri, mwenye nguvu, mkono wake hauna kasoro. Nyanya yake alihakikisha kwamba hakuna ua lolote linalopandwa kwenye boma lile, hata waridi. Murugi hakuwahi kuuliza baba yake yuko wapi. Wakonyo alidhani ni majonzi, akamwacha.

Alipokuwa darasa la tatu, Murugi alirudi siku moja na sare yake imechanika mgongoni. Alikuwa amenaswa na msumari kwenye uzio wa shule. Wakonyo alimkaripia, akaitundika sare nyuma ya mlango, akasema ataishona atakapotoka sokoni.

Aliporudi ilikuwa imeshonwa.

Ilikuwa mishono mikubwa, isiyolingana, ya mkono usiozoea sindano. Mahali pengine ilikuwa imepinda ikafumuliwa, ikaanzwa upya. Wakonyo aliigeuza mwangani.

"Nani ameshona hii?"

Murugi alikuwa mezani na kitabu chake. Hakuinua kichwa.

"Baba. Usimcheke, cucu. Mama anamfundisha tu."

Wakonyo alichukua wembe ili aifumue, akakata mshono wa kwanza. Uzi ulikuwa mbichi. Ulitoa tone la maji kwenye kidole chake. Na chini, ndani ya pindo, kwenye fundo la mwisho, palikuwa na jani changa, la zambarau, bado halijakunjuka.